Bima waligoma kulipa oparesheni ya mwanangu, hivi ndo nilivyopambana nao

Mnaotumia bima za kampuni binafsi hii ni yenu, maana mi nusura mtaji wangu wote wa mawese uishie kaunta ya hospitali. Mtoto alibanwa na tumbo usiku hapa Kigoma mjini, tukamkimbiza hospitali moja ya binafsi, kupimwa kumbe kidole tumbo, wakasema hakuna kusubiri kuche, akaingia tiata. Kadi ni ya kazini kwa baba yake, mwenyewe yuko Kasulu huko. Asubuhi kashia ananiita, "Mama, bima wamekataa, inabidi ulipe keshi." Milioni moja na laki nne! Kisa? Eti hakuna idhini, basi. Nikatanguliza laki tano ili huduma iendelee.

Hapo ndo wengi wanaanza kugombana na kashia, na yeye mtoto wa watu anasoma tu kilichoandikwa kwenye kompyuta. Mi nilimwomba sababu ya kukataliwa niipate kwenye karatasi, na bili yenye mchanganuo, sio ile ya mstari mmoja "matibabu". Akawa anasitasita, nikamwambia kaka we niprintie tu nikasome taratibu.

Aisee ile karatasi! Oparesheni imeandikwa ni ya kupangwa, sio dharura, ndo maana bima wanadai idhini ya kabla, sasa mtoto kaletwa saa nane usiku anatapika, hiyo oparesheni aliipanga nani? Halafu dripu za tiata zimehesabiwa tena wodini, na kitanda kinachajiwa hadi usiku ambao tulishalala zetu kwetu Mwanga. Nikachukua kalamu nikazungushia kimoja kimoja.

Daktari aliyempasua ni muungwana, nilivyomwonesha akashangaa hata yeye, akaandika barua fupi kwamba ilikuwa dharura, akaweka saa tuliyofika na saa mtoto aliyoingia tiata, akagonga muhuri. Baba yake naye akamfuata HR akaomba mkataba wenyewe wa bima, maana sisi tulikuwa na kadi tu mfukoni, na humo imeandikwa kabisa kwamba dharura haisubiri idhini, hospitali inatoa taarifa ndani ya saa 48. Tukatuma vyote kwa email, HR tukamweka kwenye kopi, na mwishoni nikachomekea kwamba wakikaa kimya tunaenda TIRA, ile mamlaka inayosimamia kampuni za bima, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hao wapo kisheria, Sheria ya Bima ya 2009, ila wengi wetu tukisikia TIRA tunawaza bima za magari tu. (Wa NHIF, ile bima ya afya ya serikali, njia yenu ni nyingine, anzieni ofisi yao ya mkoa.)

Bima wakajibu, wakalipa oparesheni, dawa na vipimo. Hospitali nao wakafuta zile dripu na usiku wa kitanda, bila hata pole. Kitu kimoja tu waligoma mpaka mwisho, tofauti ya chumba, kifurushi chetu ni wodi ya kawaida na sisi tulilazwa chumba cha peke yetu, hiyo tukalipa na sikubishana kwa sababu imeandikwa. Kurudishiwa chenji ya ile laki tano ndo kulichukua muda kuliko hata rufaa yenyewe, kila Ijumaa nampigia kashia, mpaka siku moja akapokea, "Mama, leo imeingia, angalia simu yako."