Mfereji wa Agosti

Agosti nilisimama ukingoni mwa mfereji mmoja wa skimu ya umwagiliaji, Mbarali, bonde la Usangu. Mpunga ulishavunwa, majaruba yamekauka hadi kupasuka, ila banio, lango la kuingizia maji ya mto mferejini, liko wazi na maji yanapita. Kwenye daftari nikaandika: upotevu.

Akaja mama na ndoo, akainama, akasukuma majani pembeni kwa kiganja, akachota.

“Shikamoo mama. Ya bustani hayo?”

“Marahaba mwanangu. Ya kunywa. Kwani umeona kisima hapa?”

Nikalifuta lile neno.

Mto Ruaha Mkuu, unaopata maji yake kutoka Usangu, umekuwa ukikauka kiangazi, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, tangu 1993. Huku juu kila mtu ana wa kumlaumu: mkulima, mfugaji, wanaotaka maji yafike mabwawa ya Mtera na Kidatu yazalishe umeme. Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Usangu. Mto ukaendelea kukauka. Horst Rittel na Melvin Webber, wataalamu wa usanifu na mipango, waliandika mwaka 1973 kwamba kwa matatizo ya namna hii, ukishalieleza tatizo umeshachagua na suluhisho. Naamini kabisa. Ukisema “tatizo ni ng'ombe”, umeshaamua nani ahame.

Niliporudi chuoni Iringa nilitandika karatasi ya manila sakafuni nikajaribu njia ya Fritz Zwicky, mtaalamu wa elimu ya nyota. Kila upande wa tatizo unaupa safu, na chini yake unaorodhesha hali zinazowezekana. Mabanio ya kiangazi: yafungwe, yaende kwa zamu, yaachwe. Maji ya nyumbani: mfereji, kisima, bomba. Malisho hali tatu, misimu ya kupanda miwili, wasimamizi wanne. Zidisha: michanganyiko 216. Kisha unapitia jozi mojamoja ukiuliza, hizi mbili zinaweza kukaa pamoja?

“Mabanio yafungwe” na “maji ya mfereji” haziwezi. Jozi hiyo pekee ilifuta michanganyiko 24, na ndiyo niliyokuwa nikiisikia ikipendekezwa kila kikao, bila mtu kutaja ndoo.

Mwezi uliofuata niliibeba ile karatasi hadi kijijini. Walibishana saa mbili, wakulima na wafugaji, vidole vikiwa kwenye jozi badala ya usoni mwa mtu. Mzee mmoja alikaa kimya muda wote, halafu akauliza ni safu ipi inayoonyesha nani anafungua banio usiku.

Haikuwepo. Nikaomba kalamu, tukaanza kuichora.