Kuuza kiwanja Kigoma: asilimia 10 ya faida au asilimia 3 ya bei?

Mwajiriwa wa hapa Kigoma ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni shilingi milioni 2 kwa mwezi hukatwa 428,000. Kwa mwaka ni 5,136,000. Jirani yake aliyeuza kiwanja Gungu kwa faida ya milioni 24, yaani sawa na mshahara huo wa mwaka mzima, hulipa asilimia 10 tu: milioni 2.4. Ndiyo maana watu wanauliza kwa nini jasho litozwe zaidi kuliko ardhi.

Wanaotetea tofauti hiyo wanasema faida ya miaka mingi huingia siku moja, na ikipitishwa kwenye viwango vya mshahara sehemu kubwa itaangukia kwenye asilimia 30. Tena sheria hairekebishi bei ya kununulia kwa mfumuko wa bei, kwa hiyo sehemu ya faida ni shilingi iliyoshuka thamani. Hoja hii ya pili naikubali kabisa. Ila haimwokoi anayenunua na kuuza viwanja kila mara. Kwake hiyo ni biashara, na hutozwa kama biashara.

Kinachoniudhi zaidi ni kile kiwango cha asilimia 3. Mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyothibitishwa na mthamini, ile iliyo kubwa. Chukua kiwanja cha milioni 12, ukajenga msingi na uzio kwa milioni 28, ukauza kwa milioni 50. Ukiwa na risiti unalipa milioni 1. Bila risiti, milioni 1.5. Ukiuza kwa milioni 100, mwenye risiti analipa milioni 6, asiye nazo milioni 3! Mpaka uko pale faida inapofika asilimia 30 ya bei. Mwenye faida ndogo anaumia, mwenye faida nono anapunguziwa. Hilo halina utetezi.

Kwa hiyo tunza karatasi. Risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) za saruji na nondo hufifia, hasa zikikaa juani au kwenye nailoni. Zitoe nakala wiki hiyohiyo. Fundi asiye na mashine aandikiane nawe mkataba wenye kiasi, tarehe na sahihi, na umlipe kwa simu ili muamala ubaki.

Misamaha ipo. Nyumba uliyomiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi haitozwi kama faida haizidi milioni 15. Shamba lenye thamani ya chini ya milioni 10 pia, mradi lililimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho.

Na wewe mnunuzi, usikubali mkataba uandikwe bei ya chini ili muuzaji apunguze kodi. Kwanza, umiliki hauhamishwi bila cheti cha TRA, Mamlaka ya Mapato, kuwa kodi imelipwa, na mthamini atakuwa ameshaiona nyumba. Pili, bei hiyo ya uongo ndiyo itakayokuwa gharama yako siku utakapouza, na faida aliyoificha yeye utailipia kodi wewe.