Mlima Morava wa maboksi: wiki ya sita

Wiki hii nimebandua mlima mzima na kuujenga upya. Ubahili wangu ndio ulioniponza.

Mradi ni uleule: ramani ya matabaka ya maboksi, juu ya nusu plaiwudi, ya mapigano ya kuugombea mji wa Korçë, kusini-mashariki mwa Albania. Italia iliivamia Ugiriki kutokea Albania tarehe 28 Oktoba 1940. Novemba 14 Wagiriki wakageuza kibao, na tarehe 22 walishaingia mjini. Kwangu sentimita moja ni nusu kilomita. Choroko ni Wagiriki, maharage mekundu ni Waitaliano, komwe ni mizinga.

Mji uko kwenye uwanda wa kama mita 850, kwa hiyo mbao yenyewe ndiyo uwanda. Kosa lilianzia hapo juu yake. Ili maboksi yatoshe, nilifanya kila tabaka liwe mita 200 za kimo cha mlima. Milima ikatoka kama vichuguu. Ule upenyo wa Cangonj, kati ya mlima Ivan kaskazini na Morava kusini, ukawa mpana kama uwanja wa mpira, nami choroko zangu nikazipanga humo humo barabarani. Nikawa najiuliza kwa nini Jenerali Tsolakoglou wa Wagiriki, na divisheni zake tatu (vikosi vikubwa vya jeshi), ya 9, ya 10 na ya 15, alihangaika kupanda mawe.

Jumanne nikaomba boksi la friji dukani, nikakata upya kwa mita 100. Tabaka la tano tu jibu likaonekana. Anayepita upenyoni anapigwa kutoka juu pande zote mbili, na akitokezea uwandani anakutana na vifaru vya Waitaliano, naye hana vya kujibu. Ndiyo maana walishika migongo ya milima, na asubuhi ya kwanza wakaanza bila kutanguliza mizinga, ili adui asishtuke mapema. Kwa hiyo komwe zangu zimerudi kwenye kopo mpaka zamu ya pili ya mchezo.

Risasi na chakula vilipanda kwa nyumbu, hawa wa kubeba mizigo, si wale wa Serengeti. Nimejaribu kuwafanya kwa kunde, wanabingirika.

Korçë ilipochukuliwa, kengele za makanisa zilipigwa Athens. Miezi mitano baadaye Tsolakoglou huyohuyo akasalimu amri kwa Wajerumani, akawa waziri mkuu wa serikali waliyoiweka Ugiriki. Sijaamua nimwekee harage gani.

Hasara ya wiki: gundi yangu ni uji wa ngano, na mende wameguguna Ivan usiku, upande wa kaskazini wote. Mke wangu anauliza keki hii ni ya harusi ya nani. Nimetia chumvi nyingi kwenye uji mpya, mbao nimeiegemeza ukutani, mbali na jiko. Ikikauka kufikia Jumapili, naanza kupaka chokaa, theluji ya vileleni.