Nilivyoifufua timu yetu ya kutafsiri programu huria

Nilipokabidhiwa usimamizi wa timu ya Kiswahili kwenye Pontoon, jukwaa ambalo Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, hulitumia kutafsiri programu zake, nilikuta mapendekezo ya tafsiri zaidi ya 400 yanasubiri kupitishwa. Mengine yalikuwa na miezi 7. Walioyaandika walishaondoka, na sikuwalaumu. Mtu anakesha baada ya kazi, kwa bando lake mwenyewe, halafu hajibiwi!

Pale mchangiaji yeyote hupendekeza tafsiri, mwenye ngazi ya mtafsiri huipitisha, na msimamizi ndiye anayetoa ngazi hizo. Mwezi wa kwanza nilijaribu kupitisha kila kitu peke yangu. Nikachoka.

Nikawapandisha ngazi wenzangu wawili, mmoja yuko Morogoro, mwingine Mombasa. Tukakubaliana kwamba pendekezo la mgeni lijibiwe ndani ya siku 2, likikataliwa sababu iandikwe palepale, na mtu asipitishe tafsiri yake mwenyewe.

Tulibishana sana juu ya maneno. Password iwe nenosiri au nywila? Jumamosi nzima tuko WhatsApp! Mwishowe tukachukua nenosiri, tukaliandika kwenye orodha yetu ya istilahi.

Ila ngeli ndizo zilizotutoa jasho. Kiingereza huacha pengo la jina ndani ya sentensi, na programu huja kulijaza baadaye, sentensi isibadilike. Kwetu faili imefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa. Binti mmoja wa chuo, mgeni kabisa, alileta pendekezo la "___ imefutwa". Zamani lingekataliwa kimyakimya. Mwenzetu wa Mombasa akamwandikia: "Mdogo wangu, kazi nzuri. Lakini hapo programu yaweza kuleta kitabu au ujumbe. Waonaje tukianza na kitenzi: 'Umefuta ___'? Hapo ngeli haitusumbui."

Alisahihisha jioni ileile. Kesho yake akaleta sentensi nyingine 11 zenye kasoro hiyohiyo, alizozisaka mwenyewe katika tafsiri tulizokwisha kuzipitisha sisi wakubwa. Mbili zilikuwa zangu. Nilimpa ngazi ya mtafsiri wiki ileile, na sasa wageni wengi hupokelewa naye.

Leo asubuhi nimefungua ukurasa wa timu: yanayosubiri ni 6, na la zamani kuliko yote ni la juzi.