Boti ya futi ngapi jamani?

Leo tulikuwa Ziwa Lanier, kaskazini mwa Atlanta. Shemeji anataka boti ya jeti, ile isiyo na pangaboi nje: inafyonza maji chini na kuyatema nyuma kwa nguvu. Watoto wakiogelea, roho inatulia kidogo.

Tukaijaribu ya futi 19. Nyepesi, inakata kona vizuri, na gari lake linaivuta bila kulalamika.

Sasa shemeji akakiona kibati pembeni ya usukani: watu 8. Sheria ya Marekani inakitaka kwenye boti za injini zisizofika futi 20.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Watoto, mama mkwe, wifi zangu, sufuria la pilau (hilo nalo ni mtu)...

Vidole vikaisha.

"Na ya futi 24 je?"

Haya, gari gani litaivuta? Mimi nasema 19, watu wapande kwa zamu. Wenye boti, mnasemaje?