Weusi wa Ukurasa na Mwendo wa Pigo

Jioni hizi nimeirudia sonata ya piano ya Beethoven iitwayo Pathétique, iliyochapishwa mwaka 1799, na kwa makusudi nimejizuia nisiuvuke utangulizi wake wa polepole, ule ulioandikwa Grave. Ukurasa huo umejaa weusi: kuna noti za thelathini na mbili (kila moja ni sehemu ya thelathini na mbili ya noti nzima) zenye mihimili mitatu, ile mistari minene inayounganisha noti, za sitini na nne zenye minne, na mahali pengine za mia na ishirini na nane zenye mitano. Baada yake huja Allegro, sehemu ya haraka, ambayo noti zake nyingi zina mhimili mmoja tu, na jicho lisilozoea hudhani kwamba hapo ndipo pa kupumulia, ilhali hapo ndipo vidole hukimbia kwelikweli.

Wanafunzi wengi hukua wakiamini, ingawa hakuna aliyewaambia waziwazi, kwamba wingi wa bendera, yaani vimkia vya noti ambavyo zikiunganishwa huwa mihimili, ni ishara ya haraka. Imani hiyo huwatia hofu isiyo na sababu, kwa kuwa noti ina fungu lake tu ndani ya pigo, na kasi huamuliwa na pigo lenyewe. Tuseme noti ya robo ndiyo pigo, na metronomu, chombo cha kupimia mapigo, imewekwa kwenye mapigo 40 kwa dakika. Kila pigo litabeba noti 16 za sitini na nne, yaani noti 640 kwa dakika. Ukipandisha metronomu hadi 160 na kupiga noti za kumi na sita, nne kwa kila pigo, utapata 640 zilezile. Kidole kinafanya kazi ileile katika kurasa zote mbili, ila katika ule wa kwanza msikilizaji anahisi pigo zito linalotembea chini ya noti hizo, na uzito huo ndio mtunzi alioutaka.

Kwa hiyo ninapoanza kuusoma ukurasa wa namna hii, huiacha robo kwa muda na kuifanya noti ya nane kuwa pigo langu. Mara moja noti za thelathini na mbili huwa nne kwa pigo, sura ambayo kila mpigaji ameizoea. Wachapaji wazuri husaidia sana hapa: mhimili wa nje huachwa uendelee kuliunganisha kundi zima, huku ile ya ndani ikikatwa kila inapotimia noti ya nane, na jicho likijifunza kutafuta mikato hiyo halina haja ya kuhesabu vichwa vya noti kimoja kimoja. Kuhesabu kwa sauti nako kuna urahisi wake kwetu, maana tangu moja hadi nane kila namba ina silabi mbili na mkazo uko kwenye ya kwanza, hivyo kila namba inayotamkwa hujigawa nusu kwa nusu yenyewe.

Palipo na nukta, alama ya kando ya noti inayoirefusha, ndipo panapohitaji subira zaidi. Chukua noti ya nane yenye nukta mbili, ikifuatwa na noti moja ya thelathini na mbili. Noti ya nane pekee ni thelathini na mbili nne. Nukta ya kwanza inaongeza mbili, ya pili inaongeza moja, jumla saba, na ile fupi inakamilisha nane, ambazo ndizo robo nzima. Nikihesabu moja hadi nane kwa utulivu, ile fupi inaangukia kwenye nane, na mkono unatambua kwamba kazi yake ni kulisukuma pigo linalofuata. Anayeiwahisha, ikasikika kama mkia wa noti ndefu, huupokonya muziki huo fahari yake yote.

Hata hivyo, siamini kwamba hesabu hiyo ndogo ibaki kinywani hadi siku ya kupiga mbele za watu. Bach, katika Adagio, sehemu ya polepole inayofungua sonata yake ya kwanza ya fidla pekee, ambayo nakala ya mkono wake ina mwaka 1720, aliandika kwa noti fupi mno mapambo ambayo wengi wa zama zake waliwaachia wapigaji wayabuni wenyewe. Akipiga mistari hiyo huku akihesabu vipande, mpigaji atatoa hesabu sahihi isiyo na pumzi. Ninavyoona, hesabu ifanywe kikamilifu, polepole, hadi kila noti ijue mahali pake, kisha pigo lirudishwe kwenye noti ya nane, na mwishowe kwenye robo yenyewe. Katika Grave nimefika kwenye noti ya nane. Mikimbio yenye mihimili mitano bado naihesabu nusu pigo kwa nusu pigo, na sitairudisha robo mpaka mikimbio hiyo itue kwenye pigo bila kuharakishwa.