Siku moja na udongo wa Meru

Saa 12 asubuhi nishapanda daladala ya Tengeru, nikishuka nachukua boda kupandisha Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru huku Arusha. Nikiwaambia watu kazi yangu inahusu chembe nano wanawaza chipu za simu, kumbe nano zangu zimetokana na majivu ya volkano na zimelala chini ya migomba ya mama mmoja huku mlimani.

Saa 2 niko shambani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo utaniambia mbolea yangu ya DAP inaendaga wapi?" Na ana haki ya kuuliza, kila msimu ananunua hiyo mbolea ya kupandia yenye fosforasi na bado majani ya mahindi yanatoka na kingo za zambarau, njaa ya fosforasi hiyo.

Saa 3 nachimba. Donge nikilisugua vidoleni mwanzo liko gumugumu kama ugali uliolala, ukikazana kidogo linalegea, linateleza na kutoa maji, hapo nishajua alofeni ipo. Ni vitufe vya alumini na silika vyenye uwazi ndani, upana wake nanomita 3.5 hadi 5 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, kwahiyo hadubini ya kawaida haivioni. Sasa udogo huo ndo balaa lenyewe, gramu moja tu ya alofeni ukiitandaza uso wake unapata mamia ya mita za mraba, fosfeti, yaani fosforasi ya kwenye mbolea, ikipita hapo alumini inaing'ang'ania na mizizi inaambulia patupu.

Saa 5 narudi mjini na sampuli nimezifunga vizuri zibaki na unyevu wake. Alofeni ikikauka inashikana na hata uiloweke vipi hairudi ilivyokuwa, so mtu asinianikie udongo juani jamani.

Saa 7 makande, fasta.

Saa 8 kipimo ninachokipenda kuliko vyote: karatasi ya kuchujia yenye fenolfthalini (kemikali inayogeuka pinki pH ikiwa juu, yaani kukiwa na besi badala ya asidi), udongo kidogo juu yake, tone la sodiamu floridi, muda si mrefu pinki, halafu nyekundu kabisa. Floridi inasukuma haidroksili kutoka kwenye alofeni, pH inapanda ghafla. (Udongo wenye chokaa nao hugeuka hivyohivyo, ujue.) Na ni floridi hiihii inayotia watu meno ya kahawia ikizidi kwenye maji ya kunywa, kama kule mahali panapoitwa Maji ya Chai, hapahapa Meru, wakati WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji.

Saa 10 nampigia mama. Asimwage mbolea shamba zima, aiweke kwenye shimo karibu na mbegu ila zisigusane, na achanganye na samadi maana asidi za samadi zinagombania nafasi na fosfeti kwenye alofeni. Kusema ukweli ushauri wa mbolea wa aina moja kwa kila udongo unaniudhi sana.

"Ng'ombe wenyewe wawili, samadi itatosha wapi?"

Nikamwambia aanze na mistari michache ya juu, tulinganishe na ile mingine. Akasema sawa, ila nije mwenyewe kupanda.